Majaji waliona dhahabu, wewe ukaona kichaka

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, kwa sasa naishi Manchester, na nyuma ya nyumba nina kibustani kidogo ninachokipenda. Mwaka 2022 nilikwenda kwenye Maonesho ya Maua ya Chelsea, London. Nilipofika mbele ya bustani iliyotangazwa kuwa bora kuliko zote, nilikuta maji yaliyotuama, fito zilizotafunwa na nyasi ndefu. Waliokuwa kando yangu walinung'unika. Mmoja alisema kwake ana kichaka kama kile na hajawahi kupewa medali. Mimi nimezoea vipando vya Nanenane: unaona zao, unauliza mbegu, bwana shamba anakujibu. Je, sisi wageni kuna kitu hatukielewi, au majaji ndio wamepotea? Na mama mkwe wangu anakuja kututembelea, naye anapenda maua kuliko kitu chochote. Nimpeleke Chelsea, au nitafute kwingine?

Jibu

Marahaba, dada. Macho yako hayana kasoro, na majaji wale walijua wanachokifanya. Tatizo ni kwamba mlisimama mbele ya bustani moja mkiwa na maswali mawili yasiyofanana, na wageni hawakuambiwa swali la majaji lilikuwa lipi.

Tuanze na bustani yenyewe. Ilibuniwa na Lulu Urquhart na Adam Hunt kwa ajili ya Rewilding Britain, asasi inayotetea ardhi iachiwe nafasi ya kujirudishia uhai wake. Walichokijenga ni kipande cha kusini-magharibi mwa Uingereza baada ya biva kurudi. Biva ni mnyama wa jamii moja na panya, lakini mwenye mwili mkubwa kama wa mbwa. Huangusha miti kwa meno na kuziba vijito kwa fito na matope ili apate bwawa la kuishi. Waingereza walimwinda hadi akatoweka kwao yapata miaka 400 iliyopita, na ni juzijuzi tu ameanza kurudishwa. Fito zile ulizoziona zilitafunwa na biva wa kweli. Na yale maji yaliyokukera ndiyo habari yenyewe, kwa sababu bwawa la biva hupunguza kasi ya mafuriko, hukamata matope yasiteremke mtoni, na huwapa makazi vyura, kereng'ende na ndege wa majini.

Sasa, majaji. Mbunifu hapewi kiwanja kwanza ndipo afikirie cha kufanya. Huomba nafasi kwa Royal Horticultural Society, chama kilichoasisiwa London mwaka 1804, akiwa na maelezo kamili: bustani ni ya nani, iko mazingira gani, itatumikaje, itapandwa nini. Siku ya hukumu majaji huja na maelezo hayo mkononi. Wanauliza kama alichoahidi ndicho alichokileta, kisha wanakagua mpangilio, ufundi wa ujenzi, afya ya mimea, na kama mimea iliyowekwa pamoja ingeweza kweli kuota pamoja. Medali nazo hazigombaniwi kama kombe. Kuna dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha na shaba, na kila bustani hupimwa kwa kiwango chake. Zikifika kiwango cha dhahabu saba, zote saba hupewa. Baada ya hapo ndipo huchaguliwa moja iliyo bora kuliko wenzake.

Kwa kipimo hicho, mtu aliyeahidi kinamasi akaleta kinamasi ambacho hata mtaalamu wa mimea ya porini hakuti kosa ndani yake, amefaulu. Usidhani kazi ile ni nyepesi. Kupanga maua mekundu na meupe yapendeze ni jambo ambalo vijana wengi wa fani hii hulimudu mapema. Kujenga kijito ndani ya kiwanja cha jiji kwa muda wa kama wiki tatu, kionekane kimekuwapo tangu enzi za mababu, huku kila jani la ukoka na kila jiwe likiwa limewekwa kwa mkono, ni watu wachache duniani wanaoweza.

Ila ufundi huo haukujibu swali lako wewe uliyekuwa nyuma ya kamba.

Mgeni wa Chelsea hafanyiwi wepesi. Bustani kubwa zilizopangwa kando ya barabara kuu ya maonesho huwa na ukubwa wa takriban mita 10 kwa 20 na ushei, na watazamaji hawaruhusiwi kuingia ndani. Mnaitazama kutoka upande mmoja au miwili, mbele yenu pamejaa mabega na simu zilizoinuliwa juu, na ukisimama dakika tatu unaanza kuona haya kwa sababu kuna foleni nyuma yako. Watu karibu laki moja na nusu hupita pale kwa siku tano. Katika hali hiyo huwezi kukaa kwenye benchi, huwezi kusikia maji yanavyobadilisha sauti ukigeuka kona, huwezi kugusa jani ukalinusa. Unachobaki nacho ni picha. Na mtu akitazama picha ya bustani hujiuliza swali moja la haki kabisa: mimi ningekaa wapi hapa?

Tunao ushahidi kwamba hilo ndilo swali la wageni, maana wao pia hupiga kura. Mbali na medali za majaji kuna tuzo ya chaguo la wananchi, inayoendeshwa pamoja na BBC. Ukiipitia miaka michache tu, unaona jambo ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha.

Mwaka 2017 wafadhili walikuwa wamepungua baada ya Uingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na bustani kubwa zilikuwa nane tu. Majaji walichagua ya James Basson: machimbo ya mawe ya Malta yaliyoachwa, nguzo ndefu za mawe ya chokaa, na kati yake mimea mikavu ya kisiwa kile. Wageni wengi walisimama wakauliza bustani yenyewe iko wapi. Kura ya wananchi ikaenda kwa Chris Beardshaw, aliyekuwa na mimea iliyojaa, kivuli cha miti, na banda la kukalia. Mwaka 2018 wananchi walimchagua Mark Gregory, aliyejenga kona ya milima ya Yorkshire: kuta za mawe yasiyo na saruji, kijito, uwanda wa maua ya porini, na kijumba cha kutengenezea jibini. Mwaka 2019 wakamchagua tena yeye, safari hii akiwa na mfereji wa mashua, milango yake mikubwa ya mbao ya kuzuia maji, nyumba ya mlinzi wa mfereji, na tuta la mboga pembeni. Mwaka ule uliokwenda wewe, 2022, wakati majaji wakimpa biva heshima, wananchi waliichagua bustani ya Richard Miers, iliyotengenezwa kwa ajili ya shirika la Perennial linalowasaidia wafanyakazi wa bustani waliopatwa na shida. Miers alileta miti iliyokatwa kwa mistari iliyonyooka, mfereji mwembamba wa maji, na maua yenye rangi tulivu.

Ukiziangalia haraka utasema wageni wanapenda mambo ya kizamani. Mimi naona vingine. Bustani za Yorkshire zilikuwa na nyasi ndefu na maua ya porini tele. Zilikuwa na mimea ambayo mkulima yeyote angeing'oa shambani mwake. Kile kinamasi cha biva na ule uwanda wa Yorkshire vilikaribiana kuliko wanavyodhani walionung'unika. Tofauti ni kwamba Yorkshire palikuwa na mlango. Palikuwa na kijumba, na mwaka uliofuata tuta la mboga, dalili kwamba kuna mtu ametoka kidogo na atarudi kumwagilia. Wageni wanavumilia magugu, mawe, hata udongo mtupu, mradi waone dalili ya mwenye nyumba. Wasipoiona, wanahisi wameletwa mahali ambapo hawahitajiki, na hapo ndipo lugha inapokuwa kali.

Mfano unaonipa uhakika zaidi umetoka kwetu Afrika. Mwaka 2019 Jilayne Rickards alitengeneza bustani kwa ajili ya CAMFED, shirika linalosomesha wasichana katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Ilikuwa darasa la kijijini Zimbabwe: udongo mwekundu, mahindi, migomba, mboga, vitu vilivyotumika mara ya pili. Hakuna waridi hata moja la Kiingereza. Ilipata dhahabu kwa majaji na pia ikashinda kura ya wananchi katika kundi lake. Bibi wa Kiingereza ambaye hajawahi kulima mhindi alielewa mara moja kwamba hapa kuna watoto wanaosoma na kula. Kwa hiyo anayedai umma wa Uingereza hutaka maua ya bibi zao tu anawasingizia.

Na kuna ule mfano wa mwaka 2009 ambao wakulima wengi wa maua hawaupendi. Mtangazaji James May alileta bustani isiyo na mmea hai hata mmoja; kila ua na kila jani lilifinyangwa kwa plastisini, sehemu kubwa kwa mikono ya watoto wa shule na watu wa kujitolea. Medali ya kawaida isingewezekana, akapewa ya plastisini. Wananchi wakaipigia kura kuwa bustani ndogo waliyoipenda kuliko zote. Mimi binafsi sikubali iitwe bustani, kwa sababu kitu kisichokua wala kufa hakinifundishi lolote kuhusu mimea. Lakini naelewa kura ile: kwenye kila ua uliona kidole cha mtu.

Sasa niyapitie malalamiko mengine ninayoyasikia kila mwaka, kwani nawe utakuwa umeyasikia pale.

La kwanza ni kwamba mawe na majengo yamezidi mimea. Hili lina umri mrefu. Tangu maonesho yahamie Chelsea mwaka 1913, kwenye viwanja vya hospitali ya wanajeshi wastaafu, watu walijenga bustani za majabali zilizotumia mawe tani kwa tani, na nazo zilishangiliwa. Mwaka 1997 Christopher Bradley-Hole alipoleta bustani yenye kuta safi, maji yaliyotulia na mistari ya kisasa, baadhi ya watu walidhani ni mwisho wa dunia. Leo nyumba nyingi mpya za London zina uwanja wa nyuma wa mtindo kama wake. Hapa sina huruma sana na walalamikaji. Ukiwa na uwanja wa mita tano, sakafu, ukuta na mahali pa kuweka meza ndivyo vinavyoamua kama utautumia au utautazama dirishani. Nawaunga mkono tu pale jengo linapowekwa ili lipigwe picha. Mwaka 2011 Diarmuid Gavin alining'iniza bustani yake hewani kwa kreni, watu wakapanda ndani ya kitu kama yai lenye rangi ya waridi. Ilipata dhahabu, na ilisisimua. Lakini mimea iliyokuwa chini yake, ambayo ilipangwa vizuri mno, haikutazamwa na mtu.

La pili ni pesa. Bustani kubwa hugharimu mara nyingi laki kadhaa za pauni, na kwa miaka mingi walipaji wakubwa walikuwa benki na kampuni za uwekezaji. Mgeni anayekuna kichwa akifikiria bei ya mfuko wa mbolea ana haki ya kuuliza vyote hivi ni vya nini, ikiwa baada ya siku tano vinabomolewa. Katika hili hali imebadilika, na naona wageni hawapewi taarifa ya kutosha. Kuanzia mwaka 2022 mfuko uitwao Project Giving Back, unaotokana na wafadhili wawili wasiotaka kutajwa, umekuwa ukilipia bustani za mashirika ya hisani, takriban 60 kwa jumla hadi 2026, kwa sharti kwamba kila moja ihamishiwe mahali pa kudumu baada ya maonesho. Ile iliyokuwa bora mwaka 2023, ya Charlotte Harris na Hugo Bugg kwa ajili ya Horatio's Garden, ilitengenezwa tangu mwanzo iende kwenye hospitali ya majeruhi wa uti wa mgongo mjini Sheffield. Njia yake ni laini bila mwinuko wala nyufa, ili kitanda cha mgonjwa kisukumwe juu yake bila kumtikisa mtu mwenye maumivu. Ukishalijua hilo, unaiangalia sakafu ile kwa macho mengine.

Hapo tunafika kwenye lalamiko la tatu, nalo nalikubali karibu lote: kila bustani siku hizi ina hotuba. Unafika, unakuta kibao kirefu kinachokwambia kijito kinawakilisha huzuni, jiwe lile ni upweke, na mti uliopinda ni safari ya kupona. Bustani inayohitaji kusomewa maelezo ndipo ieleweke haijamaliza kazi yake. Ile njia ya Sheffield haikuhitaji fumbo. Mtu anayesukuma kiti cha magurudumu angeiona na kuelewa. Darasa la Zimbabwe halikuhitaji fumbo. Wabunifu wachanga wanaponiuliza, huwaambia waifunike ile karatasi ya maelezo, wamwite mtu asiyehusika, wamuulize anadhani nani anaishi hapa. Akishindwa kusema chochote, warudi mezani.

Na magugu? Mwaka 2023 bustani kadhaa kubwa zilipanda kwa makusudi mimea ambayo watu huing'oa, na Royal Horticultural Society ikaitetea hadharani kwa sababu ya faida yake kwa nyuki na wadudu wengine. Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Hasira ya wazee wa bustani naielewa: mtu aliyepiga magoti miaka yote aking'oa dandelioni hawezi kufurahi kuiona imepewa nafasi ya heshima. Ila nataka utofautishe vitu viwili. Cleve West mwaka ule alionesha mabaki ya nyumba iliyobomoka, mimea ya porini ikiwa imeyavamia, kwa ajili ya shirika linalowahudumia vijana wasio na makazi. Magugu pale yalisema jambo ambalo waridi lisingeweza kulisema, na yalipangwa kwa jicho kali la rangi na urefu. Hilo ni tofauti na mtu anayeacha pori liote kisha aliite falsafa. Pori halisi likiachwa kwenye uwanja mdogo wa Manchester, mwaka wa tatu utakuwa na miiba na aina mbili tatu za nyasi zilizozishinda nyingine zote. Bustani ya mtindo wa porini hudai kazi: kufyeka kwa wakati wake, kutoa miche iliyozidi, kuyaacha mapito yaonekane. Kama unataka kuijaribu, fyeka ukingo nadhifu wa nusu mita kando ya njia. Ukingo huo peke yake humwambia jirani kwamba hujalala.

Lipo jambo moja ambalo walalamikaji na washangiliaji wote hulisahau, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Bustani ya maonesho haina jana wala kesho. Airisi, pioni, dijitalisi na aliamu ulizoziona zimechanua pamoja siku moja huenda nyumbani kwako zikapishana kwa wiki kadhaa. Wenye vitalu hufanya kazi ya ajabu: mimea inayotaka kuchelewa hupashwa joto ndani ya kitalu nyumba, inayotaka kuwahi huwekwa kwenye baridi, mingine hufunikwa isione mwanga. Hupandwa miche mingi kuliko inayohitajika ili ichaguliwe iliyofika kilele siku ya Jumatatu ya majaji. Kisha hubananishwa kuliko mtu mwenye akili anavyoweza kupanda kwake, mara nyingine ikiwa bado ndani ya vyungu vilivyofukiwa. Mwaka 2021, kwa sababu ya janga la UVIKO-19, maonesho yalifanyika Septemba kwa mara ya kwanza, na kila mtu akashangaa kuona dahlia na nyasi za dhahabu mahali alipozoea pioni. Mahali ni palepale, chama ni kilekile, lakini ilionekana kama nchi nyingine. Mei imewafundisha Waingereza wengi kudhani bustani ni kitu cha Mei.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani ukiwa na picha ya kona uliyoipenda, usiende dukani kununua kila kilichomo. Tafuta kwanza kila mmea unachanua mwezi gani na unafikia upana gani, kisha gawanya idadi kwa mbili. Nilichokuta kinahamishika vizuri kutoka bustani za maonesho hadi uwanja mdogo ni vitu vya chini kabisa: jinsi jiwe linavyokutana na udongo, mti mmoja wenye mashina mengi uliowekwa karibu na mahali pa kukaa badala ya kusukumiwa mwishoni kwenye uzio, mmea mmoja wa majani uliorudiwa mara nne ili macho yapumzike. Na kuna kazi moja ya mkono ambayo imepewa jina la Chelsea kwa sababu hufanywa wiki zilezile za mwishoni mwa Mei: baadhi ya mimea ya kudumu inayochanua mwishoni mwa kiangazi, kama sedumu na asta, hupunguzwa urefu kwa theluthi au nusu. Itachanua kwa kuchelewa kidogo, lakini itakuwa imara, haitalala chini mvua ikipiga. Ifanye mwaka huu, ujionee.

Sasa nikujibu la Nanenane, kwa maana naona ndilo lililokupa matarajio. Kile unachokijua wewe, cha kusimama mbele ya zao na kumuuliza aliyelipanda, Chelsea kipo. Ulikitafuta barabara kuu, nacho kiko ndani ya banda kubwa. Mle ndani wenye vitalu hupanga walichokizalisha wenyewe, kila mche na jina lake, na mtu aliyeshinda nao usiku na mchana amesimama pembeni akiwa na udongo kwenye kucha. Muulize mmea huu unataka jua au kivuli, udongo wa mfinyanzi wa Manchester utauua au la, konokono wanaupenda kiasi gani. Watakujibu kwa furaha, kwa sababu waliokuja kwa ajili ya mitindo hawawaulizi. Nawasikitikia sana wageni wanaomaliza saa nne mbele ya bustani kubwa, wakapita bandani dakika kumi wakitafuta choo. Kama ukikuta huko wazalishaji wa streptokapasi, maua ya kupandwa ndani ya nyumba, simama. Ndugu yake wa karibu ni ule urujuani mdogo wa milima ya Usambara, ambao mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa kikoloni Tanga, aliupeleka Ulaya. Mwaka uliofuata ulikuwa tayari umeoneshwa kwenye maonesho makubwa ya maua ya Ghent, Ubelgiji. Leo uko kwenye madirisha ya jikoni duniani kote, na huko Usambara aina kadhaa za porini zimebanwa na ukataji wa misitu. Mama mkwe wako huenda akafurahi kuujua ukoo huo.

Kuhusu kumpeleka. Tiketi ya siku nzima kwa asiye mwanachama wa Royal Horticultural Society imekuwa karibu pauni 100 au zaidi, Jumanne na Jumatano huwa ni za wanachama tu, na viti vya kupumzikia ni vichache kuliko wanaovihitaji. Kama miguu yake inamsumbua, mimi nisingempeleka katikati ya mchana. Tiketi za alasiri huwa nafuu, na kuanzia saa kumi na moja jioni watu hupungua na mwanga hulainika. Bustani zilezile zilizokuudhi saa sita zitakusogelea. Jumamosi ya mwisho, saa kumi alasiri, kengele hupigwa na mimea mingi ya maonesho huuzwa. Utaona watu wazima wamekumbatia maua marefu kuliko wao wakielekea kituo cha treni. Ni raha kutazama, ila kwa mzee ni msukumano.

Ukinibana nichague, kwa mama anayependa maua na yuko Manchester, ningeanzia Bridgewater, Salford. Ni bustani ya chama hichohicho, ilifunguliwa Mei 2021 ndani ya kuta za bustani ya zamani ya kasri lililobomolewa, na iko karibu nawe. Mtaingia, mtakaa, mtarudi kona ileile mara ya pili. Halafu tafuteni zile bustani za watu binafsi zinazofunguliwa kwa ajili ya hisani chini ya mpango wa National Garden Scheme. Mpango ulianza mwaka 1927 kwa kiingilio cha shilingi moja, na hadi leo ni bei ndogo: unaingia kwa geti la mtu, unakuta chai na keki juu ya meza, na mwenye bustani mwenyewe anakutembeza. Pale ndipo utakapopata anayekujibu kama bwana shamba wa Nanenane. Muulize bustani yake inafananaje Februari, ni mmea gani umemfia mara mbili na bado anaununua, na nani humsaidia kufyeka. Mama mkwe wako naye atakuwa na yake ya kuuliza. Mwachie nafasi, na uwe tayari kutafsiri majina ya mimea kwa saa nzima.

Chelsea nenda tena peke yako, mwaka wowote utakaoweza. Ukifika mbele ya bustani isiyokupendeza, omba ile karatasi ya maelezo, isome kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha inua macho uitazame upya. Baada ya hapo, kama bado haikupendezi, piga kura yako kwa nyingine.